Ua wa Nyuma na Baraza ya Mbele

Neno ua huwasumbua wanafunzi wa lugha yetu kwa kuwa lina maana mbili zisizofanana. Ua hili ni lile linalochanua mtini, na wingi wake ni maua. Ua huu ni kizuizi cha makuti, fito, mabua au miti hai kinachozunguka nyuma ya nyumba, na wingi wake ni nyua. Walakini ua huu wa pili una jambo la kustaajabisha zaidi. Ni jina la kizuizi, na ni jina la uwanja uliomo ndani ya kizuizi vile vile. Mtu hujenga ua, kisha hupika, hufua na hupumzika uani. Waliotuachia lugha hii hawakuona haja ya kutenga kinachozuia na nafasi inayopatikana kwa kuzuia. Kwao vilikuwa kitu kimoja, yaani mahali palipozungushiwa ili watu wakae kwa amani.

Nia yangu katika insha hii ni kueleza historia ya ua huo katika pwani ya Afrika Mashariki: jinsi ulivyojengwa, nani aliyekuwa nao na nani aliyenyimwa, na nini kilichotokea makuti yalipogeuka matofali. Habari za majumba, misikiti na ngome za pwani zimeandikwa sana. Habari za nyuma ya nyumba zimeandikwa kidogo, labda kwa sababu mwandishi ni mgeni, na mgeni hukaribishwa mbele. Hata hivyo naamini kwamba mtu atakaye kujua historia ya heshima katika miji yetu hana budi kupita ukumbini na kutoka mlango wa pili.

Yafaa tuanze na neno jingine, nalo ni sitara. Limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kufunika. Pwani limekua likapata matawi. Nguo ni sitara ya mwili, ukuta ni sitara ya nyumba, na mtu anayeficha aibu ya mwenzake husemwa kuwa amemsitiri. Angalia basi kwamba sitara si kitu ambacho mtu hujipatia peke yake. Mtu husitiriwa na wengine. Huomba Mungu amsitiri, naye hutarajia jirani amsitiri. Katika Qurani Tukufu, katika sura ya An-Nur, waumini wameamrishwa wasiingie nyumba zisizo zao mpaka wabishe na kuwasalimu waliomo. Desturi yetu ya hodi inafuatana na amri hiyo. Anayepiga hodi mara tatu bila ya kuitikiwa huenda zake, wala hachungulii dirishani kutafuta sababu.

Ua wa makuti ulitegemea desturi hiyo kuliko ulivyotegemea makuti. Fundi wa zamani alichimbia nguzo za mikoko au za miti ya porini, akalaza fito, kisha akafunga makuti ya kumba kwa kamba za usumba. Lugha hutenga makuti haya na yale ya kuezekea. Kuti la kiungo ni majani yaliyopangwa na kufungwa juu ya ufito, nalo huenda juu ya paa. Kuti la kumba ni kuti zima ambalo majani yake yamesukwa pamoja, nalo husimamishwa uani. Kizuizi hiki hakizuii mwizi aliyekusudia. Mbuzi hukitoboa, mchwa hula nguzo zake, na misimu michache ya mvua hukiozesha. Mtu akiweka jicho lake penye mwanya huona kila kitu. Nguvu yake basi ilikuwa wapi? Ilikuwa katika aibu ambayo ingempata mtu huyo kama angeonekana ameweka jicho lake pale.

Nilipokuwa mtoto nililelewa kwa muda na bibi yangu mzaa mama, huko Pangani. Karibu na ua wake palikuwa na mnazi mrefu. Mkwezi alipokuja kuangua, alisimama chini ya mnazi akapiga ukelele: "Napanda jamani!" Bibi na wanawake waliokuwamo uani walijifunika kanga au waliingia ndani, ndipo mkwezi akapanda. Akiwa juu aliweza kuona nyua za mtaa mzima, na kwa hiyo ukelele wake ulikuwa sehemu ya ua. Siku zile nilidhani anatuonya tusipigwe na nazi. Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu kwamba alikuwa akibisha hodi kutoka upande wa mbinguni.

Kuzungushia mahali ni jambo la kale katika pwani. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuzi walioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 walikuta kwamba mji ule, ulioanza katika karne ya 8, ulikuwa katikati na ua mkubwa wenye kisima, na humo ndimo ulimojengwa msikiti wa kwanza, tena wa miti. Kuta za mawe zilifuata baadaye. Katika mahame ya Gedi, ambayo James Kirkman alianza kuyachimbua 1948, nyumba za mawe zimepangwa kwa nyua. Atokaye njiani haingii chumbani mara moja, bali hupitia uwanja uliozungushiwa kuta, na vyumba vya ndani kabisa ndivyo vilivyo mbali kabisa na mlango.

Mpango huu ulifikia ukamilifu wake katika nyumba za Lamu za karne ya 18. Mgeni hufika kwanza dakani, penye viti vya mawe kwa pande mbili. Akipita mlango huingia tekani, na teka hii imepindishwa ili macho ya mpita njia yasifike kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi kwa juu. Baada ya kiwanda huja misana miwili, kisha ndani, na kila hatua ni giza zaidi na heshima zaidi. Upana wa vyumba uliwekwa na urefu wa boriti za mikoko, kwa kawaida usizidi sana mita 3, lakini utaratibu wao uliwekwa na sitara. Ukuta wa njiani haukuwa na madirisha ila machache, tena ya juu. Nyumba mbili za ukoo mmoja zilipokabiliana, watu walijenga wikio juu ya njia, ili wanawake waende kutoka nyumba hii hata ile bila ya kukanyaga njia ya watu. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, nao mji mkongwe wa Unguja mwaka 2000, na katika miji yote miwili mgeni husifu milango iliyonakshiwa. Kazi kubwa zaidi ya fundi iko nyuma ya mlango, katika kupinda kwa njia ya kuingilia.

Maisha haya yalikuwa na jina lake. Mwanamke aliyekaa ndani husemwa ametawa, na kitenzi hicho kimetupa neno mtawa, ambalo leo hutumika kwa mcha Mungu aliyejitenga na dunia. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utendi aliomtungia binti yake mnamo 1858, amtaka asitoke ila kwa ruhusa ya mumewe. Na mwanamke mwungwana wa Lamu alipolazimika kutoka alikwenda ndani ya shiraa. Shiraa maana yake ni tanga la chombo. Ilikuwa nguo kubwa iliyonyanyuliwa kwa miti, na bibi akatembea katikati yake asionekane. Ulikuwa ua wenye miguu.

Hapa yatupasa tusimame tuulize swali ambalo wasifu wa majumba ya mawe hawaliulizi. Je, miguu ile ilikuwa ya nani? Miti ya shiraa ilishikwa na wajakazi. Wao walitembea nje ya nguo, juani, mbele ya macho ya watu wote, ili bibi asionekane. Kadhalika mjakazi ndiye aliyekwenda kisimani, sokoni, pwani na shambani, ili mwungwana apate kutawa. Sitara ya mmoja ilitengenezwa kwa kumwondolea mwingine sitara yake. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalitolewa Ujerumani 1903, aeleza kwamba zamani mtumwa hakuvaa kofia wala viatu, wala kanzu ndefu ya kumfunika miguu. Mwili usiofunikwa ulikuwa alama ya mtu asiye na mwenyewe. Na nyumba ilifuata mwili. Mtumwa alilala katika nyumba ya bwana, chini au kando, au alikaa shambani katika kibanda ambacho bwana aliweza kukiingia saa yoyote bila ya hodi. Ukuta wa mawe ulikuwa cheti cha uungwana. Asiye na ukuta alikuwa mtu wa kuonekana.

Kwa hiyo sheria zilipobadilika, makuti yalipata maana mpya. Hali ya utumwa iliondolewa kisheria katika Unguja na Pemba mwaka 1897, ingawa masuria waliachwa nje ya sheria hiyo hata 1909. Katika pwani ya Kenya iliondolewa 1907, na katika Tanganyika 1922. Watu waliokombolewa hawakupewa majumba ya mawe. Wengi walikwenda mijini kutafuta kazi, na katika mji wa Unguja walijaza Ng'ambo, upande wa pili wa hori iliyotenga mji wa mawe na viambaza vya udongo. Huko walijenga nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti, na nyuma yake walisimamisha ua.

Naomba msomaji alifikirie jambo hili vizuri. Mwanamke aliyezaliwa mjakazi, ambaye hakuwa na ruhusa ya kujifunika kama mwungwana, sasa anasimama nyuma ya makuti yake mwenyewe, na mtu wa kwanza kupiga hodi ndiye wa kwanza kumkiri kuwa mtu huru. Katika miaka ile ile wanawake wa namna yake waliacha kaniki wakavaa kanga, na baadaye wakavaa buibui, vazi lililowasitiri bila ya kuhitaji mjakazi wa kushika miti. Wanahistoria wameandika mengi juu ya buibui na kanga kuwa alama za uhuru. Mimi nasema ua wa makuti wastahili kuandikwa pamoja na nguo hizo, maana ulikuwa nguo ya nyumba.

Wala ua huu haukuwa sawasawa na ule wa Lamu uliopunguzwa thamani. Mwanamke aliyetawa katika nyumba ya mawe alikuwa na sitara, lakini mara nyingi mlango ulikuwa katika mkono wa mwingine. Hapana haja ya kuficha kwamba kuta zile ziliwafungia watu pia. Mwanamke wa Ng'ambo alifanya kazi, akauza vitumbua na maandazi, akatoka na kurudi. Baadhi yao walikuwa na nyumba zao wenyewe. Mlango wa ua ulikuwa katika mkono wake. Kiwanja ndicho kilichokuwa cha mwingine. Nyumba ilikuwa mali ya mwenye nyumba, ardhi ilikuwa ya bwana wa ardhi, na kodi ya kiwanja ilipopanda na wasiolipa wakatishwa, watu wa Ng'ambo waligoma kulipa mwaka 1928. Katika vitabu mgomo huo huhesabiwa kuwa habari za fedha na siasa, na ni kweli. Lakini mtu aliyeishi bila ya ua hata utu uzima wake hakugombea shilingi peke yake. Aligombea mahali ambapo mtu hubisha kabla ya kuingia.

Nina sababu ya kuamini hivyo. Bibi yangu niliyemtaja alikuwa maskini. Paa lake lilivuja, na mvua ya masika ilipokuja tulihamisha vitanda kutoka pembe hii hata ile. Kila mwaka kabla ya Ramadhani alipata fedha kidogo, na kila mwaka alizitumia kununua makuti ya kumba ya ua. Mjomba wangu alimshauri aezeke kwanza. Bibi alimjibu: "Paa likivuja twasogeza kitanda. Ua ukianguka tutasogea wapi?" Tulicheka, tukaona ni ukaidi wa uzee. Alipokwisha kufa ndipo shangazi mmoja wa ukoo alinieleza kwa sauti ya chini kwamba mama yake bibi alizaliwa katika nyumba ya bwana, na kwamba neno hilo halikutajwa maishani mwake. Siri ya mtungi aijuaye kata. Bibi hakupata kunisimulia historia hiyo hata mara moja, lakini kila mwaka aliijenga upya mbele ya macho yangu kwa nguzo na kamba.

Sasa nitazame mbele ya nyumba, kwa kuwa ua hauwezi kufahamika bila ya mwenzi wake. Nyumba ya Kiswahili ya mrima, ile tuijuayo katika Tanga, Bagamoyo na Kariakoo, ina mlango mmoja katikati, ukumbi mrefu unaopita toka mbele hata nyuma, na vyumba vitatu vitatu kwa pande mbili. Nyuma uko ua wenye jiko, choo na stoo. Mbele iko baraza. Baraza ni ya watu. Mpita njia huketi bila ya kualikwa, mchezaji bao huweka kete zake, muuza kahawa hutua dele lake, mzee husikiliza habari. Mwenye nyumba hatoi hati wala hatozi. Sehemu ya nyumba yake ameitoa kwa mtaa.

Mambo haya mawili yalikuwa mizani. Mtaa ulipewa mbele, nao ukaacha nyuma. Jirani aliyeketi barazani kila jioni hakuwa na sababu ya kuchungulia uani, kwa kuwa alikwisha pata haki yake ya kumjua jirani mwenzake. Na wanawake nao walikuwa na njia zao. Katika ua wa bibi palikuwa na mwanya uliofungwa kwa gunia, na kupitia mwanya huo zilipita chumvi, makaa ya moto, bakuli la futari na habari za ugonjwa. Ua ulizuia jicho, na mkono ukapita.

Wala pwani haikuwa peke yake katika kutia maana katika kizuizi. Ziwa Manyara limepata jina lake kwa Wamasai kutokana na mti tuuitao mnyaa, ambao huota upesi, hauliwi na mifugo, na maziwa yake huunguza macho. Wamasai wameutumia kuzungushia maboma yao. Kwa Wachagga wa Kilimanjaro jani la sale hupandwa mpakani mwa vihamba, na jani hilo hilo hupelekwa na aliyekosa anapokwenda kuomba msamaha. Mmea unaosema "hapa ndipo mwisho wangu" husema pia "nisamehe." Sijui falsafa ya ujirani iliyofupishwa vizuri kuliko hiyo.

Utawala wa wageni ulileta kizuizi cha namna nyingine. Wajerumani walipoifanya Dar es Salaam kuwa makao ya serikali yao, kanuni za ujenzi za mwaka 1891 zilitaka nyumba za upande wa bahari zijengwe kwa namna ya Ulaya. Mwaka 1914 mji uligawanywa katika sehemu kwa aina za majengo, na Waingereza walioushika baada ya vita waliendeleza mgawanyo huo. Aina ya jengo ilikuwa njia ya kutaja aina ya mtu bila ya kumtaja. Kati ya mji na Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa vita vya kwanza, paliachwa uwanja wa Mnazi Mmoja. Ulikuwa ua wa serikali, mtupu na mpana, wa kuwatenga watu na watu.

Katika Uzunguni nyumba ilisimama katikati ya bustani kubwa, na mpaka wake ulikuwa wigo wa miti iliyokatwa kwa mkasi. Huko Nairobi na nyanda za juu ulipendwa mti wenye miiba uliotoka Afrika Kusini, ambao watu huuita kayaba, na mara nyingi hujumlishwa na michongoma. Tofauti ya wigo huo na ua wetu haikuwa katika mmea. Ilikuwa katika upande. Ua wa pwani ulificha nyuma na kuacha mbele wazi. Wigo wa Uzunguni ulianzia mbele. Mtaa haukupewa kitu, hata kivuli cha kuketi. Na nyuma, mahali ambapo sisi tuliweka heshima ya nyumba, kiliwekwa kibanda cha mtumishi. Mtumishi huyo alipita kila chumba kwa kazi yake, akajua kila siri ya bwana wake, lakini kibanda chake hakikuwa na ua. Naam, lile swali la shiraa lilikuwa limerudi katika lugha nyingine.

Wakati huo huo katika mitaa ya Waafrika ua ulikuwa ukibadilika. Makuti yaliogopwa kwa moto, na madebe yaliyopasuliwa na kunyoshwa yakaanza kushika mahali pake, kisha mabati. Vyumba vilipangishwa kimoja kimoja, na ua uliokuwa wa ukoo mmoja ukawa wa wapangaji watano au sita waliotoka makabila mbalimbali. Sitaki kuusifu kupita kiasi. Palikuwa na ugomvi wa maji, wa zamu ya kufagia, wa watoto na wa moshi, na mpangaji hakuweza kukaanga samaki bila ya mtaa kujua. Lakini katika nyua hizo watu wageni walijifunza lugha moja na namna moja ya kusitiriana. Aliyesikia ugomvi wa mume na mke katika chumba cha pili alijifanya hakusikia, na asubuhi akasalimu kama kawaida. Ukuta ulikuwa mwembamba, basi watu wakawa wanene.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ya Unguja ilianza kuwajengea wananchi majumba ya ghorofa, na majumba marefu ya Michenzani yalikatiza katikati ya Ng'ambo. Nia ilikuwa njema na tena ya haki: kumtoa mtu katika kibanda cha udongo kilichokuwa kumbukumbu ya unyonge, na kumpa maji, umeme na choo cha ndani. Walakini katika ghorofa ua haupandi. Roshani si ua, maana huonekana toka chini, na ngazi si baraza. Wakazi hawakusahau. Walitandika mikeka chini ya majumba wakaketi, wakatundika mapazia rohsanini. Ua ulibomolewa, na mikono iliyouzoea ikaendelea kuutafuta.

Huku bara katika Dar es Salaam, mradi wa viwanja wa miaka ya 1970, uliopima mitaa kama Sinza na Kijitonyama, ulimpa mwananchi kiwanja chenye mipaka iliyowekewa mawe. Hapo ndipo ukuta wa matofali ulipoanza kuzunguka kiwanja chote, mbele na nyuma, na juu yake vigae vya chupa au seng'enge, na mbele geti la chuma. Siwacheki wenye kuta. Wizi ni kweli, na mtu ana haki ya kulala. Mipaka ya ardhi ina kesi nyingi, na ukuta ni shahidi asiyehongwa kwa urahisi. Makuti ya kumba nayo yamekuwa ghali, na wasukaji wake ni wachache. Lakini ni wajibu wa mwanahistoria kutaja kilichopotea hata kama kilipotea kwa sababu nzuri. Ukuta huu haukuukuza ua wa nyuma. Umeimeza baraza ya mbele. Sasa nyumba yote ni nyuma, na njia ya mtaa imekuwa kichochoro kati ya migongo ya nyumba.

Tena ukuta huu hauhitaji mtu wa nje kufanya lolote. Ua wa makuti ulimtaka mpita njia ageuze uso, mkwezi apige ukelele, jirani ajifanye hakusikia. Kila siku walifanya hivyo, na kila siku walikuwa wakirudia kukubaliana kwamba aliyemo ndani ni mtu wa heshima. Ukuta wa matofali hausubiri makubaliano yao. Hutulinda hata kwa watu ambao wangetuheshimu bure.

Nasema haya nikiwa mmoja wa wenye kuta. Miaka michache iliyopita nilijenga nyumba yangu pembezoni mwa mji, na kabla sijapaka rangi nilizungusha ukuta wenye kimo cha kunipita. Kazi za mikono ya bibi yangu nilizikumbuka katika mihadhara yangu, si katika ramani yangu. Siku moja niliona magari mengi njiani nikadhani ni harusi. Kesho yake ujumbe wa simu ulinijulisha kwamba mzee wa nyumba ya pili alikuwa amefariki, na watu walikuwa wamekwisha kuzika. Kati ya kitanda chake na meza yangu ya kusomea hazikuwa hatua 30. Katika ua wa Pangani gunia la mwanya lingefunuliwa siku ya kwanza ya homa.

Nilikwenda kutoa pole. Nilibisha getini muda mrefu, maana hodi ya mdomo haifiki ndani ya ukuta. Mjane wake alinipokea vizuri, akaniambia, "Karibu mwanangu, tulidhani umesafiri." Alikuwa akinisitiri. Alijua kwamba sikusafiri, na alinifunika aibu yangu kwa neno jepesi, kama wanawake wa zamani walivyojua kufanya. Nilikaa kwake nikifikiri kwamba sitara ya kweli bado ingalipo, imo katika watu hao, wala haikuwamo katika matofali niliyoyalipia.

Mwezi uliofuata nilimwita fundi. Sikuubomoa ukuta wa nyuma, wala sikumwambia auguse. Nilimtaka aupunguze ule wa mbele hata kimo cha goti, auwekee saruji laini juu, pana kiasi cha mtu kuketi. Fundi aliuliza kama nimefilisika. Jioni ya pili vijana wawili waliketi pale wakizungumza mpira, na hawakuniomba ruhusa.